Mizani Haijipimi

Kuna programu ya tafsiri iliyowahi kunifundisha kwamba enkoda ya mota ina "azimio". Nilikuwa nasoma kitabu cha maelekezo cha mashine, kimeandikwa Kichina, nikakipitisha kwenye simu ili nipate Kiswahili, na hapo mbele yangu pakatokea sentensi inayosema enkoda hii ina azimio kubwa kuliko ile ya zamani. Kwa mtu aliyesoma historia katika shule za Tanzania, azimio ni la Arusha, la mwaka 1967. Nilicheka peke yangu karakana nzima ikanitazama.

Nilipomaliza kucheka nikabaki na swali: sasa tuliiteje? Kitu ambacho wenye mashine hukiita rezolusheni ni wingi wa vipande ambavyo kipimo kinaweza kuvitofautisha. Kitu kingine, ambacho sisi tuna neno lake zuri kabisa, ni usahihi: kipimo kinachosema ukweli. Lakini kwa kuwa hilo la kwanza halina jina la kila siku, watu wengi hutumia neno "usahihi" kwa vyote viwili. Muuzaji anasema mashine hii ni "sahihi zaidi" akimaanisha ina vipande vingi zaidi. Mnunuzi anasikia kwamba itasema kweli zaidi. Kati ya maneno hayo mawili pana shimo, na nimeona mtu akikaribia kutumbukia humo na ajira yake.

Najua blogu hii ni ya vitabu, na wengi wenu hamjawahi kushika bisibisi kwa malipo. Mimi ni fundi umeme wa viwandani hapa Mwanza, na vitabu ninavisoma usiku. Nivumilieni. Mambo ya enkoda si magumu kama yanavyosikika, na nadhani msomaji wa riwaya anaweza kuyaelewa upesi kuliko meneja wa kiwanda.

Tuanzie sokoni. Nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi. Muuzaji ana mizani ya dijitali, anakuwekea sangara, kioo kinaandika kilo 12.465. Ona hizo namba tatu baada ya nukta! Jirani yake ana mizani ya mshale iliyochubuka rangi, ambayo inaonyesha kumi na mbili na kitu. Macho yetu yanaiamini ya kwanza. Namba yenye nukta inaonekana imesoma shule. Sasa chukua jiwe la kilo kumi ambalo unalijua ni kilo kumi, liweke kwenye zote mbili. Ya dijitali inaandika 10.310. Ya mshale inakaa kwenye kumi. Basi ya dijitali ina rezolusheni, inaona hata gramu tano. Ya mshale ina usahihi. Na kuna jambo la tatu: ukiliweka jiwe mara ishirini, na mara zote ishirini dijitali ikaandika 10.310, maana yake ina urudufu mzuri, inarudia jibu lile lile bila kuyumba. Inarudia kosa lile lile bila kuyumba.

Yote haya hukuyajua mpaka ulipoleta jiwe. Namba za kwenye kioo zisingekwambia, hata zingekuwa kumi baada ya nukta. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo wanapokuja kukagua mizani wanakuja na mawe yao. Hawamuulizi muuzaji, wala hawaiulizi mizani.

Sasa twende kwenye mota. Mota ya sevo ni mota inayotii. Mota ya pangaboi ukiiwasha inazunguka tu, lakini ya sevo unaiambia zunguka nyuzi tisini usimame, inazunguka nyuzi tisini na kusimama. Inajuaje imefika? Kwenye ekseli yake pana enkoda, yaani duara lenye mistari myembamba sana, na jicho linaloisoma mistari hiyo ikipita. Jicho linapeleka habari kwa draivu, lile sanduku la umeme linaloiendesha mota. Draivu inalinganisha mahali ilipoamuru na mahali enkoda inaposema tupo. Ikiona tofauti inasukuma, ikiona hakuna tofauti inatulia. Inafanya hivyo maelfu ya mara kwa sekunde moja.

Enkoda ya biti 17 inakata mzunguko mmoja vipande 131,072. Ya biti 23 inaukata vipande 8,388,608. Milioni nane na ushee, kwenye kitu unachokiziba kwa kiganja! Faida ipo, nisiseme haipo. Ukiwa na vipande vingi, draivu inaujua mwendo kwa ulaini zaidi, mota inazunguka polepole bila kukwaruza, kelele zinapungua, na mashine haitetemeki ikiwa imesimama. Kwa kazi hizo rezolusheni kubwa ni mali.

Lakini hesabu kidogo inasaidia. Mzunguko una nyuzi 360, kila nyuzi ina dakika 60, na kila dakika ya pembe ina sekunde 60, hivyo mzunguko mzima ni sekunde za pembe 1,296,000. Zigawe kwa vipande milioni nane: kila kipande ni kama sekunde 0.15 ya pembe. Halafu fungua ukurasa wa pili wa katalogi, ule ambao muuzaji hakukuonyesha, utafute mstari wa usahihi. Tuseme umeandikwa jumlisha au toa sekunde 20, na hapo ni enkoda nzuri. Maana yake enkoda inayohesabu vipande vya 0.15 inaweza kukosea kwa vipande mia na thelathini hivi, na isijue. Na sekunde hizo 20 ni ahadi ya kiwandani, kwa enkoda iliyofungwa inavyotakiwa. Ikifungwa vibaya, ahadi hiyo haipo.

Hapo ndipo inapoanza habari ya dada wa zamu ya usiku.

Kiwanda sitakitaja. Kipo upande wa Nyakato, kinachapa lebo, zile za chupa za maji na za makopo. Mashine ina silinda nne, moja kwa kila rangi: bluu, nyekundu, njano, nyeusi. Zamani mashine kama hizi zilikuwa na shafti moja ndefu na gia zilizofunga silinda zote pamoja. Siku hizi kila silinda ina mota yake ya sevo, na kinachozishikanisha ni enkoda tu. Karatasi inapita chini ya zote nne, kila moja inaacha rangi yake, na rangi zikikaa juu ya wenzake vizuri unapata picha. Zisipokaa, herufi inakuwa na kivuli. Ukiwahi kununua kitabu ambacho jina la mwandishi kwenye jalada lina ukingo mwekundu unaoumiza macho, umeliona tatizo hilo. Wachapaji huita rejista. Ikikosea kwa sehemu mbili za kumi za milimita, jicho la kawaida linaona.

Nyekundu ilikuwa inatoka. Ilianza baada ya beringi za silinda hiyo kubadilishwa. Uongozi uliambiwa enkoda ni ya kizamani, ya biti 17, ukanunua ya biti 23 kwa fedha nyingi, ikafungwa, na kioo cha mashine kikaanza kuonyesha kosa la silinda nyekundu: sifuri. Sifuri kavu, mchana na usiku. Lebo bado zilikuwa na kivuli.

Sasa ungefanyaje kama wewe ndiye bosi? Umenunua kipimo chenye vipande milioni nane. Kipimo kinasema mashine haina kosa. Kosa lipo. Basi limetoka wapi? Limetoka kwa mtu. Dada wa zamu ya usiku akaambiwa anachezea vitufe vya rejista, anasinzia, anapeleka mashine mbio ili amalize hesabu. Lebo zilizokataliwa zikaanza kukatwa kwenye mshahara wake. Miezi miwili. Ana watoto wawili na anapanga Igoma, na aliponiambia alichobakiwa nacho mwezi wa pili sikujua niseme nini. Niliitwa kuthibitisha kwamba draivu haina tatizo, ili barua yake ya kuachishwa iwe na karatasi ya fundi nyuma yake.

Nilikuta draivu haina tatizo. Ningeweza kuandika hivyo, na ungekuwa ukweli. Lakini yule dada alinisubiri zamu ilipoisha, akatoa kaunta buku kwenye mfuko.

"Kaka, naomba uangalie hili kabla hujaandika," akasema.

Kila usiku alikuwa amekata kipande cha karatasi chenye urefu wa mzunguko mmoja wa silinda, lebo sita, akakibandika kwa selotepu, na chini ya kila lebo akaandika kwa kalamu: "sawa", "mbele", "mbele", "sawa", "nyuma", "nyuma". Ukurasa wa pili: sawa, mbele, mbele, sawa, nyuma, nyuma. Wa tatu, wa nne, kurasa arobaini na kitu. Alikuwa na lenzi ya kukuzia ya kuangalizia picha na rula ya shule. Hakujua kitu kuhusu biti.

"Nikiisogeza nyekundu nyuma ili hizi mbili zikae," akasema, "hizi mbili za mwisho ndizo zinaharibika zaidi. Nimewaambia. Wananiambia kioo kinasema sifuri."

Mtu anayesinzia hakosei kwa mpangilio. Hakosei lebo ya pili na ya tatu kwenda mbele, na ya tano na ya sita kurudi nyuma, usiku arobaini mfululizo. Kosa linalojirudia mara moja kila mzunguko lina makao yake kwenye kitu kinachozunguka.

Tulisimamisha mashine. Nikaweka saa ya kupimia, ile ndogo yenye mshale, kidole chake kikigusa bushi iliyoibeba pete ya enkoda, nikazungusha silinda kwa mkono taratibu. Mshale ukapanda, ukashuka. Tofauti ya juu na chini ilikuwa sehemu kumi za mia za milimita. Maana yake pete ya enkoda haikuwa imekaa katikati ya ekseli. Ilikuwa imehama kwa nusu ya hiyo, sehemu tano za mia. Unywele wa binadamu, kwa unene, uko jirani na hapo. Bushi ilikerezwa mjini wakati beringi zinabadilishwa, na tundu lake halikuwa katikati. Enkoda ya zamani ilikaa juu yake, na mpya ikaja ikakaa juu yake hiyo hiyo.

Fuatana nami kwenye hesabu ya mwisho, ni fupi. Pete ilikuwa na nusu kipenyo cha milimita 25. Ikihama milimita 0.05, pembe inayosomwa inakosea kwa sehemu 0.002 ya nusu kipenyo, yaani kama sekunde za pembe 412, mbele upande mmoja wa mzunguko na nyuma upande wa pili. Silinda yenyewe ilikuwa na nusu kipenyo cha milimita 100, kwa hiyo kwenye karatasi kosa hilo linakuwa milimita 0.2. Ndicho kivuli chetu. Kwa enkoda ya zamani, sekunde 412 zilikuwa vipande kama 42. Kwa enkoda mpya ni vipande 2,670. Fedha zote zile zilinunua kosa lile lile, likiwa limekatwa vipande vidogo zaidi.

Na ile sifuri ya kwenye kioo? Haikuwa uongo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Draivu inalinganisha amri na enkoda. Enkoda ikisema tupo mahali, draivu inasukuma silinda mpaka enkoda iridhike. Kama enkoda imepinda, draivu itaipinda silinda kwa uaminifu mkubwa mpaka ilingane na enkoda iliyopinda, halafu itaandika: kosa sifuri. Shahidi na hakimu ni mtu mmoja. Kadiri shahidi huyo anavyokuwa na macho makali, ndivyo hukumu inavyotoka kwa kujiamini zaidi.

Kitu pekee kiwandani ambacho hakikuwa ndani ya duara hilo kilikuwa kaunta buku. Rula yake ya shule ina hatua za milimita moja. Ukilinganisha na enkoda, ni panga mbele ya wembe. Lakini ilikuwa nje. Ilitazama karatasi yenyewe, kitu ambacho mteja atakitazama, na haikuwa na uhusiano wowote na ile bushi.

Nilikuwa na mkuu wa karakana, mzee wa Kisukuma ambaye sasa amestaafu na analima Magu, na nilipompigia simu kumsimulia hakushangaa. Akaniambia, "Mwanangu, hayo ni mambo ya pamba."

Kwa wasiojua: kabla ya Uhuru, kanda hii ilikuwa nchi ya pamba. Mkulima aliibeba mpaka kituo cha kununulia, mnunuzi akaipima kwa mizani yake, akasema uzito, akalipa. Malalamiko yalikuwa yale yale kila msimu: mizani inaiba. Mkulima alijua mzigo wake kwa mgongo wake, kwa umbali aliotembea nao. Mnunuzi alikuwa na chuma chenye namba. Ukibishana, unaonyeshwa namba. Mgongo hauna namba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walianza kufanya jambo ambalo naliona la akili kupita kiasi. Kabla hawajapata viwanda vyao vya kuchambulia pamba, waliweka wapimaji wao wa kujitegemea. Mtu wao, anayejua kusoma mizani, akasimama penye ununuzi na kuhakiki. Miongoni mwa walioongoza harakati hizo alikuwa Paul Bomani, kijana aliyekuwa meneja wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza. Chama cha wakulima wa Kanda ya Ziwa kikaundwa mwaka 1952, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikua hata likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe akawa waziri wa fedha wa Tanganyika mwaka 1962.

Tunapoisimulia habari hiyo huwa tunaisimulia kama siasa, na ni siasa kweli. Lakini mzee wangu aliisimulia kama fundi. "Hawakuomba mizani mpya," alisema. "Mizani mpya ingekuwa ya mnunuzi yule yule. Walidai jicho la pili." Angalia jinsi alivyopanga maneno. Mkulima angepewa mizani yenye hatua ndogo zaidi, inayoonyesha hadi robo ya ratili, angeibiwa kwa robo za ratili. Kilichobadilisha mambo ni kwamba namba ya mnunuzi ilipata namba nyingine ya kusimama nayo, kutoka kwa mtu ambaye halipwi na mnunuzi.

Ziwa hili lina mfano mwingine, wa zamani zaidi. John Hanning Speke alifika hapa Mwanza Agosti 1858, akatazama maji, akatangaza kwamba amepata chanzo cha Nile. Vifaa vyake vilikuwa vimechoka kwa safari. Kimo cha ziwa alikipima kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu. Njia hiyo ina hatua kubwa mno: nyuzi moja ya Farenhaiti ni zaidi ya futi 500 za kimo. Yaani rezolusheni ya kutia huruma. Alipata kama futi 3,740. Leo tunajua uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi, ambazo ni kama futi 3,720. Amekosea kwa futi ishirini!

Unataka kumpigia makofi? Subiri. Katika safari hiyo hiyo, yeye na Richard Burton walikipa Ziwa Tanganyika kimo cha kama futi 1,850. Kimo chake ni zaidi ya futi 2,500. Njia ni ile ile, watu ni wale wale. Kwenye ziwa moja karibu na ukweli kabisa, kwenye jingine nje kwa futi mia saba. Na kwa kutazama namba mbili zilizoandikwa kwenye daftari, 3,740 na 1,850, hakuna ambaye angeweza kusema ipi ni ya kuaminiwa. Zote zilikuwa na sura moja.

Ndiyo maana ugomvi wa Burton na Speke, ambao vitabu vingi huueleza kama wivu wa wazungu wawili, mimi nausoma kwa huruma kidogo kwa pande zote. Speke alikuwa sahihi kuhusu Nile. Burton naye alikuwa na haki ya kuuliza: umejuaje, wakati umesimama ufukweni pa kusini tu? Jicho la nje lilichelewa. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua, akathibitisha kwamba ni ziwa moja kubwa, na mto wake unatokea kaskazini. Speke alikuwa ameshakufa miaka kumi na moja iliyopita. Kuwa sahihi bila shahidi ni upweke mkubwa, na yule dada wa zamu ya usiku aliujua upweke huo kwa miezi miwili.

Tangu siku ya kaunta buku nimeanza kusoma riwaya vibaya, au labda vizuri, sijui. Kuna mswada niliombwa niupitie, wa mwandishi asiyeishi huku, hadithi yake inatokea Mwanza. Ulijaa vitu vidogo vidogo: aina ya simu ya mhusika, idadi ya ngazi za nyumba yake Isamilo, rangi ya soksi. Halafu ukurasa wa tatu mhusika anasimama kwenye kivuko cha Kamanga, upande wa mjini, anatazama jua likichomoza kutoka ziwani. Jamani. Pale ziwa liko magharibi. Jua linazama ziwani, halichomozi. Vipande milioni nane, na bushi imepinda: kila kitu kilichofuata kilikuwa kimeelezwa kwa uzuri na kimegeuka.

Kisha namfikiria Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Wapo wanaoilalamikia kwamba ina maelezo mengi mno. Ni kweli ina maelezo mengi. Mume anataka kumrudisha mkewe kutoka kwa wazazi wake, na mwandishi hakuruki hatua: salamu, mazungumzo ya wakwe, pombe ya ndizi inayotakiwa, kazi ya kuipika. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Nansio. Jioni moja nilimsomea kurasa za ile pombe. Alisikiliza huku anachambua dagaa, hakunikatiza, na nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Huyu alikuwa wa kijiji gani?" Hakuuliza kama ni kweli. Hilo alishalipima kwa jiwe lake mwenyewe, alitaka tu kujua ndugu zake ni akina nani.

Maelezo mengi, basi, si dhambi, kama biti 23 zisivyo dhambi. Ila hayathibitishi chochote kuhusu yenyewe. Anayeyathibitisha ni mama anayechambua dagaa.

Bushi ilikerezwa upya. Safari hii hatukuipokea mpaka saa ya kupimia ilipotulia ndani ya sehemu moja ya mia. Nyekundu ikakaa. Kioo kikaendelea kuandika sifuri, kama kilivyoandika siku zote, hakikuona kwamba kitu chochote kimetokea. Ripoti yangu ilikuwa na kurasa mbili, na nyuma yake niliambatisha nakala za kaunta buku, kurasa zote. Barua ya kuachishwa haikuandikwa. Fedha zilizokatwa zilirudishwa za mwezi mmoja. Za mwezi mwingine, mpaka ninapoandika haya, anaambiwa zinashughulikiwa.

Nilipopita kiwandani mwezi uliopita nilikuta kamba imefungwa pembeni ya mashine, na kaunta buku jipya linaning'inia, na kalamu yake. Sasa zamu zote tatu wanabandika. Sijui ni nani aliyeagiza. Opereta wa mchana, kijana mdogo, alikuwa anapima lebo kwa rula huku amekipa kioo mgongo.